Nilivyoamini umeme wa injini ya boti hupimwa kwa maji ya ziwani tu

Sasa wakuu. Hii imenitokea mimi mwenyewe, na chumvi nimeweka kidogo tu, ya kuonja.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba injini ya boti ukiipima umeme nchi kavu inakudanganya. Ati lazima uisimamishe kwenye drum la maji ya ziwa, itambue maji ya kwao, ndio umeme utulie.

Msicheke. Aliyeniambia ni Barasa, fundi wa Bungoma, kwa uso mkavu kabisa, tukila nyama kwenye harusi Lugulu. Barasa ni mkoki wangu, yaani tulitahiriwa msimu mmoja. Kwetu mkoki anaweza kukutania hata mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa.

Mimi niko Kitale. Umeme wa magari nimesomea, masomo ya jioni, na nikifungua bonnet hapa mjini betri zenyewe husimama kwa heshima.

Lakini Barasa, bana. Kibanda chake kina rangi mbili. Overall haina tone la oil. Mama wa chai humpelekea chapati bila kuitwa, na wa kwangu hata nipige mluzi haji. Nilimwonea wivu hadi nywele zinauma.

Basi mjomba wangu, anayevusha abiria ziwani huko Sio Port, akaniletea injini yake kwa pickup. Ukiiwasha inashika, ukiongeza moto inazima. Boti imekaa ufuoni na abiria wamehamia kwa jirani. Akasema fundi atakayeiponya ndiye atapewa injini zote za beach yao. Wakuu, tayari nilishaona signboard yangu ikisomeka kutoka Uganda.

Nikashuku fuel pump, ile ya umeme inayosukuma petroli. Nikachomoa plug yake, nikapima waya: volti kumi na mbili, safi. Nikaipa pump umeme moja kwa moja kutoka kwa betri, ikalia kama nyuki.

Umeme upo, pump ni nzima. Lakini nikirudisha plug, inanong'ona tu.

Hapo maneno ya Barasa yakanirudia. Nikamwambia mjomba, bila aibu, kwamba tunahitaji maji ya ziwa, hapa Kitale tuko na ya mvua peke yake.

Mjomba akafunga injini kwenye pickup na kuteremka nayo Bungoma. Kwa Barasa, kwani kwa nani.

Nikamfuata. Nyumbani nilisema naenda kumwona shangazi huko Kibabii.

Nilikuta injini imesimama kwenye drum na mjomba ameshika kikombe cha chai. Barasa hakuchomoa plug. Aliacha pump ikifanya kazi, akaingiza ncha za multimeter kwa nyuma ya plug. Volti zikashuka hadi saba. Halafu akapima kati ya earth ya pump, ule waya wa kurudisha umeme, na negative ya betri, mahali ambapo hupaswi kupata kitu, akapata karibu zote zilizopotea.

Akaufuata waya wa earth hadi kwenye bolt yake. Kufungua, kutu ya kijani. Akakwangua, akakaza, injini ikanguruma. Mjomba akaanza kuwapigia simu watu wa beach hapo hapo.

Roho iliniuma. Lakini nikajiambia si mikono yake, ni yale maji. Wakiwa bado wanapongezana nikachovya kidole kwenye drum, nikanusa kama kina harufu ya dagaa wa ziwani.

"Unatafuta omena, mkoki?"

Mjomba akamwaga chai kwa kicheko. Na mimi nikacheka, si ni mkoki.

Funzo: usipime waya ukiwa umechomoa mzigo, kama mimi na ile pump. Waya mbovu huonyesha volti zote ukiwa umepumzika, upe kazi ndio utaujua.

Injini za beach sasa zinaenda Bungoma, na bado naumia. Kama wewe pia ulishawahi kumezeshwa uongo na fundi mwenzako, shuka hapo chini unisaidie kubeba aibu.

Kuhusu yale maji, nilimvuta Barasa kando nikamuuliza ameyatoa upande gani wa ziwa.

"Ni ya bomba," akasema. "Ni ya kupoza injini isiungue. Umeme hauulizi maji yametoka wapi."