Kwema, Ila

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Mabwawa yangu ya chumvi nimeyachimba kwa mikono hii hii, moja baada ya jingine, mpaka yakafika kumi na mawili, na leo watu wanaendesha nyumba zao kwa kazi ya hapo. Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba alipokuja msomi wa chuo kikuu kuchunguza mwenendo wa watu kazini, nilimkubalia kwa adabu tu. Sikudhani ana la kunifundisha.

Alikuwa mwanamke wa makamo. Wazee wake ni wa Wingwi, huku huku Pemba, mwenyewe kakulia Unguja. Ulimi ulimtangaza kabla hajamaliza salamu. Kila asubuhi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye kivuli cha banda la chumvi, daftari magotini. Siku moja akaniuliza:

“Mzee, mara ya mwisho mfanyakazi kukwambia umekosea ilikuwa lini?”

“Sikumbuki.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu sijakosea.”

Wanawake waliokuwa wakikwangua chumvi wakacheka chini kwa chini. Yeye hakucheka. Akanieleza kuwa wataalamu wa mambo ya uendeshaji siku hizi wanauchunguza sana ukimya: mtu anaona kasoro kazini, anaijua vizuri, na hasemi. Nikamwambia kwa hilo hakuwa na haja ya chuo, angemwuliza mke yeyote wa Kipemba. Akaandika na hilo.

Jua lilikuwa kali mwezi ule, na mabwawa manne ya chini yalikuwa meupe, chumvi imeganda, inangoja reki. Ndipo bamvua, yale maji makuu ya bahari, ikaja, na tuta linalokinga mabwawa upande wa mikoko likapasuka. Kaa walikuwa wamelitoboa. Asubuhi nilikuta maji ya bahari yamejaa mpaka ukingoni na chumvi yote imeyeyuka. Kazi ya wiki nyingi ilikuwa imerudi ilikotoka.

Nikawakusanya. “Nani alijua?”

Akajibu mkuu wa wanawake, bibi aliyefanya kazi nami tangu bwawa la kwanza.

“Mie nilijua, mzee. Siku ya tatu hino.”

“Na hukusema?”

“Nilikuja kukwambia. Ukaniuliza, kwema? Nikasema kwema. Ukenda zako.”

“Tuta linavuja, wewe wasema kwema?”

“Sasa wataka nianze na tuta? Mie nimelelewa.”

Nikamwambia basi aende kwao akalelewe tena. Akakaza kanga yake, akachukua reki yake, ile aliyochongewa na marehemu mumewe, akaondoka. Hakuna aliyemfuata, wala hakuna aliyenitazama.

Kesho yake nilimwendea yule msomi nikitaka aniunge mkono. “Liandike hilo,” nikamwambia. “Mtu anaiona hatari, anasema kwema.”

Akafungua daftari akanisomea, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa. Jumamosi: mzee kauliza kwema, kaitikiwa, kapita. Jumapili: vivyo hivyo. Jumatatu: bibi kajibu kwema, kafungua mdomo tena, mzee kashafika bwawa la tano.

Kwetu hata aliyefiwa alfajiri, ukimwuliza kwema, hujibu kwema. Msiba hukaa nyuma yake, unakuja na “ila”. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kuvaa kikoi. Kuuliza ni nusu tu ya salamu. Nusu ya pili ni kusimama. Na mimi, tangu nianze kuitwa tajiri, sikuwa nasimama. Nilichukua kumbi nikaiacha nazi, kila asubuhi, kwa miaka.

“Mbona wewe hukuniambia?” nikamwuliza.

Akafunga daftari. “Nilianza juzi, mzee. Ukapita.”

Bibi hakuwa nyumbani kwake. Jirani akasema amekwenda Kengeja kwa dada yake, na huenda asirudi, maana huko kuna shamba la kulima. Usiku ule niliwahesabu watu wangu wanaojua kulisikiliza tuta kwa unyayo. Alikuwa mmoja.

Nikapanda gari mpaka Kengeja. Nilimkuta barazani anamenya muhogo, reki imeegemezwa mlangoni.

“Hodi.”

“Karibu, mzee.”

“Kwema?”

“Kwema.”

Naapa miguu ilitaka kuondoka yenyewe, ilishazoea. Nikakaa kwenye baraza. Akamaliza muhogo ule, akauosha, akachukua wa pili. Nikamwambia nilikosea. Neno hilo sikuwahi kulisema mbele ya mtu niliyemwajiri, na lilitoka bovu, nusu yake kama kikohozi. Akamaliza wa pili, akachukua wa tatu, na mimi nikaendelea kukaa. Dada yake alichungulia mara mbili kuona kama nimekufa.

“Ila,” akasema mwisho, bila kuinua macho, “lile tuta la kusini nalo halina siku nyingi.”

“Wapi hasa?”

“Sasa nitakuonyeshaje nami niko Kengeja?”

Akaweka kisu chini, akamwita dada yake aje amalizie muhogo, akanyoosha mkono kuchukua reki.