Kilo Tisini za Mbegu ya Nyasi

Naona haya kuisimulia hii, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wanakwaya, ambao huongeza chumvi (ingawa kwa kweli haihitaji).

Mpwa wangu Mwende alitaka harusi yake ifanyike kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Kathonzweni, pakiwa na kijani, maana wakwe zake watarajiwa walikuwa wameshaanza kuteta kuhusu vumbi letu. Nikajitolea. Mimi mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa kueleza mambo polepole hata kwa asiyeuliza, ningeachaje? Nikaazima tepu ya fundi, nikapima: hamsini kwa sitini. Mfuko wa mbegu ulisema gramu thelathini kwa kila mita mraba, na hamsini mara sitini ni elfu tatu, mara thelathini, basi kilo tisini. Mama wa agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, aliniuliza mara mbili kama napanda malisho ya ng'ombe, nikamwonea huruma kwa kutojua hesabu.

Kina mama wa mwethya, wale wanaosaidiana kazi za shamba kwa zamu, wakaja kupanda. Kiongozi wao, Syokau, aliyepanda nyasi za malisho maisha yake yote, alitazama magunia akasema mbegu ni nyingi mno, zitanyongana. Nami (Mungu anisamehe) nikamkalisha chini nikamfundisha maana ya eneo, kwa kijiti, mchangani, kwa upole wa kuudhi. Wakamwaga zote, kisha wakabeba maji kwa mitungi kutoka bwawani wiki tatu nzima.

Ziliota, kweli. Zilisongamana kama manyoya ya kondoo, nami siku nne nikapita nikipungia watu mkono kama mbunge. Siku ya tano zikageuka njano, zikaoza mashinani, na Jumapili ya kabla ya harusi uwanja ukanuka kama gunia la maharagwe lililonyeshewa.

Watu walipotoka ibadani nikaanza kuwaeleza ubaya wa mbegu za siku hizi. Syokau hakubishana. Aliingia kwenye ule uozo na viatu vyake vya kanisa, akahesabu hatua kwa sauti, urefu na upana, akanirudia.

"Mwalimu, hatua yangu ni mita. Nimepata kumi na tano kwa kumi na nane. Wewe hamsini ulizitoa wapi?"

Futi. Tepu ilikuwa ya futi, kama ploti zote za huku zinavyopimwa, nami mjuaji nikazisoma kama mita. Kilo nane na kidogo zingetosha. Mwende aliinama akaanza kung'oa.

Harusi ilifanyika kwenye udongo mtupu, uliofagiwa na kina mama wale wale, na wakwe wakakung'uta viatu mbele yangu. Nimeapa: kabla ya kuzidisha namba nitauliza kwanza ni namba za nini, na aliyezoea kupanda nyasi akiniambia mbegu ni nyingi, nitafunga mdomo, kisha nifunge gunia.