Somo la kupima ukungu Magamba: tulilichagua wawili, na mmoja wetu aliitika

Wakuu, salaam kwenu nyote. Shikamoo za vijana nimezipokea kabla hazijatolewa.

Humu nimesoma nyuzi nyingi za "niliambiwa na mjomba". Huu si mmojawapo. Naandika nilichokisikia kwa masikio yangu na kukiona kwa macho yangu. Palipo na uvumi nitasema ni uvumi, kisha nitauacha.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha kilimo huku Usambara, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mwaka wa mwisho kila mmoja alitakiwa kuchagua somo moja la ziada.

Wenzetu walijazana kwenye matrekta na ushirika, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na vyeo.

Mimi na Elisha, kijana wa Mlalo niliyekuwa naye bweni moja, tukachagua upimaji wa ukungu. Msicheke. Msitu wa Magamba hukinga maji ya ukungu hata mvua isiponyesha, na vijiji vya chini huyategemea. Tulitaka kujua ni kiasi gani.

Walituita mabwana shamba wa mawinguni. Elisha aliwajibu kwamba trekta lao, likipandishwa kwenye miteremko yetu, litashuka lenyewe bila dereva.

Mwalimu wetu, mtu wa Vuga aliyesomea ng'ambo, alikuwa na sheria moja. Ukungu ukishuka, hakuna kuitana. Kila mtu alipewa kopo: unagonga, na mwenzako anajibu kwa kugonga.

Elisha alimuuliza kwa nini tusiitane kwa majina kama watu wengine.

"Kwa sababu nimesema kopo," alijibu.

Aliyelelewa milimani kwetu anajua ugumu wa sheria hiyo. Kwetu, kuitwa ukakaa kimya ni utovu wa adabu. Mtoto huitika kwanza, ndipo anauliza anaitwa na nani.

Alasiri moja mwalimu alibaki kwenye kibanda cha vifaa. Elisha alikwenda kusoma vipimo vya upande wa juu, mimi vile vilivyopangwa kuelekea kwenye jabali, ambako ardhi inakatika ghafla.

Ukungu ulishuka ghafla, hata mkono wangu sikuuona.

Mbele yangu nikamsikia Elisha akiniita kwa jina. Alisema amevunjika mguu, nije nimshike.

Sikuitika. Msinipe sifa, nilikuwa nimebana penseli kwa meno. Nilipoitoa ndipo nikaikumbuka sheria.

Nikagonga kopo. Hakuna kopo lililojibu. Kilichojibu ni ile sauti, ikaniita tena, safari hii kwa upole.

Sasa nifanyeje? Kama ni yeye kweli, ningemwacha vipi?

Nikasogea nikipapasa njia kwa fimbo ya kupimia, hadi fimbo ikakosa ardhi. Nikalala kifudifudi kwenye ukingo wa jabali, nikasikiliza.

Sauti haikutoka chini, ambako mtu aliyeanguka angekuwa. Ilitoka mbele yangu, usawa wa uso, hewani.

Nikarudi kinyumenyume, nikifuata mlio wa kopo la mwalimu, lililoanza kugongwa kwa mbali.

Kibandani nilimkuta Elisha ameketi, mzima. Akaitazama miguu yangu.

"Wewe si umevunjika mguu?"

Naye alikuwa amenisikia mimi nikimwita, kutoka upande uleule wa jabali. Mwalimu hakutaka maelezo. Aliuliza jambo moja.

"Nani ameitika?"

"Mimi, mwalimu," Elisha alisema. "Ulimi ulitangulia."

Mwalimu alikusanya vifaa, akatushusha hadi kijijini Magamba. Wiki ileile somo likafutwa. Tangazo lilisema wanafunzi ni wachache.

Mwangwi? Nimeufikiria sana. Mwangwi hurudisha kilichosemwa, na kati yetu hakuna aliyesema amevunjika mguu.

Yaliyovumishwa baadaye kuhusu Elisha siyaandiki, kwa sababu sikuyaona. Niliyoyaona ni haya.

Miaka kadhaa baadaye tulikutana Lushoto mjini kwenye semina ya mabwana shamba. Tulikuwa tunakunywa chai, akinisimulia habari za kabichi za kijiji chake, ukungu ukagusa dirisha.

Akakatiza maneno. Akageuza sikio kuelekea kwenye kioo, akatabasamu kama mtu aliyetambua sauti ya nduguye.

"Nimekusikia, bwana," alisema. "Ngoja nimalize chai, nakuja."

Mimi sikuwa nimemwita, wala dirishani hapakuwa na mtu.

Nilimshika mkono pale mezani, mbele za watu, na sikuuachia mpaka ukungu ulipotawanyika. Hakuniuliza kwa nini.

Vijana, funzo langu ni fupi. Chagueni masomo ambayo wengine wanayakimbia, nchi inayahitaji. Ila mwalimu akikupa sheria ya mlimani bila sababu, itii kwanza. Sababu utaitafuta ukishashuka.

Aliyesomea mambo ya sauti anieleze, nitamsoma kwa makini. Aliyesimuliwa na shangazi yake, aniwie radhi, asome tu.