Siku Wanawake wa Kaole Walipokataa Kukuna Nazi

Makumbi ya nazi yaliyofukiwa miezi minane kwenye tope la pwani yananuka, na sitaki kukudanganya kwa maneno ya kupendeza: yananuka kama yai viza. Harufu ile inakaa kwenye nywele, kwenye khanga, hata kwenye wali. Kwetu Kaole, kabla ya uhuru, nilipokuwa na miaka tisa hivi, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu, na nilikuwa nikiisikia nalala usingizi mnono. Kila mwanamke msokota kamba alikuwa na shimo lake pale maji yanapofika yakijaa, amelirithi kwa mama yake, na mwanamume hakuwa na ruhusa hata ya kulisogelea. Unafukia, unapanga mawe juu, unachomeka kijiti chako cha alama, unasubiri. Yakiiva unayafukua, unayaponda kwa rungu mpaka nyuzi ziachane, unaziosha, unazianika, kisha unakaa barazani unasokota pajani. Yakifukuliwa mabichi ndiyo basi tena, hayafai kitu. Mama alikuwa ameachwa na baba yangu, na kaka yake wa Fukayosi alikuwa akimwita kila mara arudi akamlimie shamba na kukaa nyumba ya uani. Zile kamba ndizo zilizompa mama ubavu wa kumjibu kaka yake kwamba haendi.

Basi akaja Mzungu mmoja akajenga hoteli, vyumba vinane vya makuti na baraza pana, hatua chache kutoka kwenye mashimo yetu. Jumamosi motokaa zilikuja kutoka Dar es Salaam zimejaa Wazungu wenzake, waume kwa wake, wakavua nguo zao nusu wakalala juani kutwa nzima. Sisi watoto tuliwakodolea macho. Nilimuuliza mama wale watu wamefiwa na nani hata walale chini namna ile. Akasema wanapumzika. Nikamuuliza wamechoshwa na kazi gani, mama akacheka mpaka rungu likamponyoka. Mwanzoni hatukuwa na kinyongo nao hata kidogo. Walinunua mayai yetu na pweza wetu, na mimi, kusema kweli, niliwatamani. Nilitaka na mimi siku moja nilale tu, nisitumwe maji wala kuni.

Msimamizi wa hoteli hakuwa mgeni. Alikuwa Mfaume, mtu wa palepale Kaole, aliyelelewa kwa kamba za mama yake mzazi, Mungu amrehemu. Asubuhi moja alikuja kwetu amevaa suruali nyeupe imepigwa pasi. "Shikamoo dada Mwanahawa," alimwambia mama. Mama akaitikia marahaba, akamsogezea kigoda. Mfaume akazungukazunguka na maneno, mara hali ya hewa, mara afya, mwisho akasema wageni hawawezi kula kwa ile harufu, na bwana anataka mashimo yaondoke. Mama akamwambia makumbi yake yana miezi mitano tu. "Nipe mitatu yaive, Mfaume. Nikishayatoa haya tutazungumza." Mfaume akaapa, mkono kifuani, kwamba hakuna atakayeyagusa. Akanywa na kahawa yetu, tena vikombe viwili.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na hitima ya bibi mmoja jirani, na wanawake wote wa Kaole walikuwa ndani, wakisoma na kupika. Mfaume alilijua hilo, maana marehemu alikuwa shangazi yake. Tuliporudi pwani alasiri, mashimo yote yalikuwa wazi. Makumbi ya wanawake kumi na wawili yametapakaa mabichi hadi kwenye maji, mengine yanaelea, vijiti vya alama vimevunjwavunjwa na kurundikwa kando. Nilimwona mama akiokota moja moja, analibinya, analitupa, anaokota lingine. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilimtukana Mfaume matusi ambayo sikuwa nikijua kwamba nayajua. Mama hakunikanya. Hapo nikaelewa kwamba jambo limekuwa kubwa.

Sasa sikia kosa la Mfaume. Alidhani amefukua mashimo tu. Alisahau kwamba wale wanawake kumi na wawili ndio haohao wanaopika kwenye kila harusi ya Kaole na kukosha maiti za wanawake wake, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amebakiza wiki tatu amwoze binti yake, Zuhura, kwa watu wa Dunda. Mwaliko ulipopita nyumba kwa nyumba, kila mmoja aliitikia vizuri, "Inshallah, tutafika." Siku ya kukuna nazi ikafika. Kwa kawaida siku hiyo uani husikii la mtu kwa vigelegele na kelele za mbuzi za kukunia. Kwa Mfaume palikuwa kimya. Magunia mawili ya mchele hayajachaguliwa, nazi rundo zima, na mkewe peke yake amekaa juu ya mbuzi, anakuna huku kamasi zikimtoka. Mimi nilipanda ukutani nikaona yote. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na sioni haya kulisema.

Saa sita Mfaume akaja kwetu, suruali ileile nyeupe, safari hii imejaa vumbi magotini. Mama alikuwa barazani na wenzake, mikono mapajani, hawana kamba ya kusokota. "Dada yangu, nisitiri," alisema. "Wakwe zangu wako njiani." Mama akamtazama kwa utulivu kabisa. "Nenda kamwite bwana wako," akasema, "aje akukunie." Wanawake wakapasuka kicheko. Mfaume akageuka, akaondoka. Wakwe wa Dunda walifika, wakakuta wali mbichi wenye mawe, wakala vijiko viwili vitatu, wakanyanyuka. Wakasema hawachukui mke katika nyumba iliyokimbiwa na jirani zake. Zuhura akabaki ndani na hina mkononi. Zuhura aliyekuwa akinisuka nywele kila Alhamisi na kunipa kashata nisilie.

Mashimo hayakurudi. Mzungu alizungusha uzio wa seng'enge mpaka majini, na baada ya miezi miwili mama alifunga mizigo yetu tukaenda Fukayosi, nyumba ya uani, jembe la kaka yake. Alikufa huko. Hata siku moja sikumsikia akijutia harusi ile, na mimi pia sijaijutia, ila kwa Zuhura.

Mwaka huu mjukuu wangu alinipeleka palepale, siku tatu, eti bibi apumzike. Hoteli imebadilisha wenyewe mara nyingi, sasa ina ghorofa na bwawa la kuogelea hatua ishirini kutoka baharini. Uzio ni ukuta, na askari huwauliza watoto wa Kaole wanakwenda wapi. Nimepumzika, siwezi kukataa. Nimelala kitanda laini, nimeletewa maji ya matunda nilikolala. Alasiri ya pili msichana mfanyakazi, mzaliwa wa Kaole, alikaa mbele ya watalii kuwaonyesha tulivyokuwa tukisokota kamba. Nyuzi zake zilikuwa kavu, za makumbi yasiyofukiwa, na kila akisokota zinafumuka, watalii wanapiga picha tu. Alipomaliza alinifuata akachuchumaa. "Shikamoo bibi. Wewe ni wa huku, naona. Hii kazi unaijua? Hakuna aliyebaki wa kunifundisha." Macho yake yalikuwa mazuri, na alikuwa anataka kujua kweli. Ningeweza kumwonyesha kwa dakika tano. Hakuwa na kosa lolote, kama Zuhura alivyokuwa hana kosa lolote.

"Marahaba, mwanangu," nilimwambia. "Siijui."