Kiti cha nyuma kinamsubiri Shawki

Saa nne asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Wagdi Sheshtawi anapangusa vumbi la pamba kwenye runinga saba za kibanda chake cha gemu hapa Mahalla. Vumbi hilo haliishi. Linatoka viwandani na kuingia kila nyumba, na Wagdi alilivuta kifuani kwa miaka ishirini na miwili.

Runinga sita ni za gemu za mpira. Ya saba, ile ya pembeni, imeunganishwa na mashine kuukuu isiyokodiwa na mtu. Wagdi anaiwasha, anaitegea sikio la kushoto. Ndani diski inakwaruza, inakwama, inajaribu tena. Kisha nyota zinatokea, na chini yake maneno: mchezaji wa pili abonyeze kitufe.

Anayasoma mpaka mwisho, anaizima.

"Jicho la kusomea diski linakufa," anasema. "Nimelisafisha mara nne. Kwa hesabu yangu lilikuwa limebakiza kuwaka mara kumi. Moja nimekupa wewe sasa hivi, uandike."

Wagdi ana miaka hamsini na miwili. Kibanda kinampa pauni mia mbili na hamsini kwa siku, siku ikiwa njema, pamoja na ufundi wa padi, vile vifaa vya kushika mkononi ambavyo vijana huvipiga ukutani wakifungwa. Kabla ya hapo alikuwa mfumaji. Mitambo ya kufumia haimwachii mtu nafasi ya kusema, kwa hiyo wafumaji huzungumza kwa vidole. Vidole viwili begani: uzi umekatika kushoto kwako. Ngumi kifuani: msimamizi anakuja.

Kelele hizo zilimla sikio la kulia. Alipodai fidia, daktari wa kiwanda aliandika kwamba uziwi ule kazaliwa nao. Mama yake, aliyekuwa hai bado, alitembea kwa mguu mpaka getini kuwaambia kwamba mwanawe alizaliwa anasikia mpaka paka akipita juu ya paa. Hawakumfungulia. Ile karatasi ya daktari Wagdi anayo mpaka leo, na sisi wa mji huu tunalijua jina lililo chini yake.

Mtambo wa jirani ulikuwa wa Shawki Badrawi. Mwaka kiwanda kilipoanza kupunguza watu, wawili hao walichanga wakanunua mashine hii na gemu moja la vita vya angani. Wateja huliita Zohali, kwa sababu ya sayari yenye pete iliyo kwenye jalada. Chombo ni kimoja na viti ni viwili. Wa mbele anaendesha, wa nyuma anashika mzinga na kutazama walikotoka. Wagdi alikaa mbele.

"Kiwandani nilikuwa na hatua nne," anasema. "Nne kwenda, nne kurudi. Humu hamna sakafu. Unapinduka miguu juu, na hakuna msimamizi wa kukuonyesha chini ni wapi."

Lakini raha hiyo ina karaha zake, naye hazifichi. Padi ina vijiti viwili, wakati kazi ya kugeuka, kukimbia na kulenga inataka dole gumba la tatu. Adui unamfukuza, ghafla kakupita, unabaki kumtafuta kwenye giza kila upande kama sindano iliyoanguka. Na ipo kazi ya kumi na tisa.

Katika kazi hiyo wanasindikiza meli ya majeruhi hadi kwenye lango la mbali. Meli yenyewe haina silaha, haiharakishi, na risasi zikizidi inageuka kuzifuata. Ikilipuka langoni, unarudishwa mwanzo kabisa, dakika arobaini zimekwenda na maji. Ukutani nyuma ya runinga kuna mistari ya chaki sitini na mmoja. Mara ya sitini na moja, meli ilibakiza upana wa kidole kufika.

Wiki iliyofuata Shawki alikwenda Jordan, kwenye kiwanda cha kushona nguo. Huu ni mwaka wa sita. Mkataba unasema likizo kila baada ya miaka miwili. Ameiomba mara tatu, na mara tatu ameambiwa asubiri, oda haijakamilika. Pasi yake ya kusafiria iko kwenye droo ya mwenye kiwanda, ambaye usingizi wake, bila shaka, ni mtamu.

Gemu mpya zipo, nzuri kwa macho. Ila watengenezaji walikiondoa kiti cha nyuma. Sasa kila mtu akae kwake, anunue mashine yake, alipie mtandao kila mwezi, na wenzake awasikie kwenye vipokea sauti. Hakuna aliyemuuliza mtu wa sikio moja. Wagdi alijaribu kwa siku mbili. Kikosi kilimtimua kwa sababu hajibu.

Mamduh, kinyozi wa mlango wa pili, anaingia na chai ya rangi, taulo begani.

"Ami Wagdi, hicho kiti nipe mimi basi."

"Nilikupa. Ukaipiga meli ya majeruhi."

"Ilinizibia njia."

"Nyeupe mwili mzima, ewe Mamduh. Ina alama nyekundu ubavuni."

"Niliona nyekundu, nikajua adui."

"Na ukanipigia kelele sikio hili lisilosikia."

"Sasa nipige lipi? Lile lingine ulikuwa umelikabidhi runinga." Mamduh anaweka glasi. "Wallahi, hata mke wa Shawki hamsubiri namna hii."

Wagdi hacheki. Kinyozi anapangusa meza isiyo na uchafu, anaondoka.

"Ana mikono mizuri," Wagdi anasema baadaye. "Ila hajawahi kusimama kwenye kelele na mtu."

Padi ya Shawki inaning'inia msumarini. Kitufe chake cha kufyatulia kimelegea. Wagdi, anayetengeneza padi za mtaa mzima, hajakigusa; kililegea kwa kidole cha mwenyewe.

Kila Ijumaa wanapigiana simu ya picha, na kwa kuwa Wagdi hasikii vizuri, huzungumza kwa vidole. Ijumaa iliyopita Shawki alifungua viganja vyote viwili, vitupu: likizo imekataliwa tena. Halafu akaweka ngumi kifuani, na picha ikakatika.

Wagdi anainama chini ya meza, anatoa taulo nene na pasi ya kusafiria, mpya, haijapigwa muhuri hata mmoja. Baada ya Idi atafunga kibanda siku tano. Basi hadi bandari ya Nuweiba, meli hadi Aqaba upande wa Jordan, basi tena hadi kwa Shawki. Mashine ataipakata mwenyewe, imefungwa taulo.

"Mtu wamemzuia," anasema. "Mashine haina pasi ya kunyang'anywa. Shawki ana Ijumaa yake moja ya mapumziko, na mimi nina kuwaka mara tisa. Zinatosha kuifikisha ile meli."

Na jicho la diski likifia njiani, namuuliza?

Anaigeuza pasi mkononi, anaifungua penye picha yake, anaifunga.

"Basi litakuwa limenifikisha mimi."