Aliyesoma Tatu, Sabini na Tatu, Tatu

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Malakia, Jumapili, saa nane mchana, jua linawaka. Wafu wa Juba hawangoji usiku.

Kazi yangu ni kuchoma diski, yaani kuzitia picha na sauti: harusi, mahubiri, kwaya. Siku hiyo Mama Keji aliniletea video ya marehemu mwanawe akiimba kanisani. Mama mzazi wa Mama Keji alikuwa mahututi kule Nesitu, na ombi lake lilikuwa moja tu: amsikie mjukuu wake kabla hajafumba macho. Sauti ya simu hakuisikia tena. Masikio yake yalishika sauti ya deki yake kubwa ya diski peke yake. Gari la Nesitu lilikuwa linaondoka saa kumi.

Nikachoma. Mashine ikatema diski na kuandika: hitilafu ya kifaa, tatu, sabini na tatu, tatu. Niambie, hiyo ni lugha ya nani? Nikachoma nyingine, ikaharibika. Ya tatu na ya nne, vilevile. Ikabaki moja, na maduka yote ya diski yamefungwa. Mama Keji alikuwa ameketi mlangoni analia kimyakimya. Niliona aibu.

"Usitupe diski," sauti ikasema nyuma yangu. "Diski haina makosa."

Alikuwa mzee mwenye koti la kijivu, penseli sikioni. Nikadhani ameingia kwa mlango wa nyuma. Akainama, akaitegea mashine sikio.

"Hii namba si ugonjwa, ni kilio. Mbele ya kuchoma, mwanga ya mashine inajipima nguvu. Inapima, inakosa. Umeme iko kidogo. Nani anatumia jenereta na wewe?"

"Jirani, mzee. Friji ya soda."

"Zima friji. Choma polepole. Kalas, imeisha."

Haki ya Mungu, miaka yote niliyochoma diski sijaona mtu anayesoma namba kavu namna ile. Nikakimbia kuomba friji izimwe, nikarudi, nikachoma. Mashine ikanguruma taratibu, kisha ikafungua mdomo. Nikainua diski kutafuta mikwaruzo, ndiyo desturi yangu. Upande wa chini unang'aa kama kioo: nikajiona mimi, rafu, na Mama Keji mlangoni. Mzee aliyesimama begani pangu hakuwemo. Nikageuka, hayupo. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli.

Nikaijaribu diski kwenye skrini. Kijana anaimba vizuri, na pembeni, amepiga magoti kwenye nyaya za spika, mtu mwenye koti la kijivu na penseli sikioni.

"Huyo nani, Mama?"

"Fundi Lado wa kwaya. Alipenda mtoto yangu sana. Alitangulia yeye, halafu mtoto yangu akafuata." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa unaongea na nani humu?"

Nikamtilia diski kwenye bahasha. Akawahi gari. Bibi aliusikia wimbo mara mbili, akafariki alfajiri, na Mama Keji anasema alikuwa anatabasamu.

Tangu hapo, kila diski ninayoinua, natazama kwanza nyuma ya bega langu. Na wewe mchomaji mwenzangu, mashine ikikuandikia namba usiyoielewa, usiitukane wala usiipige kofi. Huenda anayeijua amesimama nyuma yako. Mshukuru papo hapo, kabla hujainua diski. Mimi sikuwahi.