Marehemu Anapiga Gitaa Mbekenyera

Jamaa mmoja wa Mnero, jina lake Kaimu, alikuwa fundi wa kupiga gitaa, na kwa hilo hata maadui zake hawakumbishia. Balaa ni kwamba hakuna aliyemwita. Siku hizi mwenye harusi hukodi spika na kijana wa kubonyeza nyimbo kwenye simu, bendi yake ikabaki inapalilia mikorosho. Wenzake walikwishamwambia: msimu huu wa ufuta, watu wanapouza na kupata pesa za kuozesha, ukipita bila harusi hata moja, vyombo vinauzwa. Kaimu angeona afadhali wauze miguu yake.

Akamwendea Mwalimu Saturnini, Mngoni wa Songea anayefundisha palepale, amfungulie bendi ukurasa wa Fesibuku. Mwalimu hakuwa na hiyana. Video ya kwanza ilimkata Kaimu kichwa, likaonekana tumbo linalopiga gitaa, na walioipenda walikuwa shemeji zake tu.

Sasa, Wamwera na Wangoni ni watani, na mtani hana adabu. Asubuhi moja Saturnini alimkuta Kaimu amejinyoosha mkekani, kinywa wazi, anakoroma. Akampiga picha, akaitupia ukurasani: "Mmwera wetu ametutoka. Mazishi baada ya uji." Mtu wa Mnero akisoma hayo hucheka, akatafuta tusi la kurudisha. Lakini mtandao haujui utani. Picha ikaenda Ruangwa, ikafika Dar, ikarudi na vilio.

Biasha, mkewe, alimsomea rambirambi huku akifuta machozi ya kicheko. Kaimu alianza kwa hasira, akaishia kuomba asomewe tena. Mtu wa Narung'ombe alikuwa ameandika kwamba kusini nzima hakuna gitaa kama lile. Kaimu akalalamika, mbona hakumwita akiwa hai? Kisha akakataza habari isikanushwe mpaka jioni. Jamani, sifa tamu.

Mchana simu ikalia, Biasha akapokea. Alikuwa Bi Hafidha wa Mbekenyera, anayeozesha binti yake Jumamosi. Alitoa pole, akasema alikuwa na nia ya kuikodi bendi, ila ndiyo hivyo, kazi ya Mungu haina makosa, atatafuta spika. Biasha akamwapia kuwa mumewe yu hai, anakula muhogo. Bi Hafidha akamsihi awe na subira, msiba huchanganya akili.

Hamu ya sifa ikamwisha Kaimu papo hapo. Saturnini akamrusha hewani moja kwa moja ili watu wamwone akiimba, lakini mtandao ukakwama, Kaimu akaganda kwenye picha, macho yamefumbwa na kinywa wazi. Watu wakaandika kwamba maiti ameandaliwa vizuri.

Ikabidi bodaboda. Marehemu alifika Mbekenyera kajaa vumbi, gitaa mgongoni, na akina mama waliokuwa wakichambua mchele wakatawanyika. Bi Hafidha peke yake alisimama. Alimfinya mkono kwa nguvu, akamwona anaruka.

"Basi kaka, utapiga," akasema. "Ila huko mtandaoni msiseme umefufuka. Nataka watu waje."

Walikuja hata wasioalikwa. Walikuja kumtazama mzimu, wakakuta wanacheza, na kabla bendi haijafungasha vyombo, wenye harusi nyingine walikuwa wakigombea Jumamosi zake. Kaimu alilia mbele za watu na hakuona haya. Saturnini akajisogeza kumwomba radhi kwa ule utani uliopitiliza, lakini mtani wake akamkatiza.

"Mwakani niue mapema," alisema, "kabla watu hawajauza ufuta."